Wingu la Kukodi

Nilitaka kuijenga mwenyewe, tofali kwa tofali:
mlango, kitasa, komeo,
ghala la kumbukumbu, mlinzi wa ghala,
na mlinzi wa kumlinda mlinzi.
Miezi mitano, nilimwambia Aikande.
Ubaoni nikachora visanduku na mishale
mpaka chaki ikaisha, nikaendelea kwa kidole.

Yeye alikuwa akimenya chungwa.
"Maziwa ya Umbwe," alisema,
"yanachacha saa nne."

Chumba chetu kiko Kiusa, juu ya duka la spea.
Chini wanagonga rimu tangu alfajiri,
juu sisi tunagonga vitufe,
na si wa juu si wa chini aliyelipa kodi ya Machi.
Nikamtupia methali, si nimesoma:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Akatema mbegu dirishani.
"Aliye uchi asubuhi," akajibu, "hapandi pamba."

Basi tukakodi.
Kwa watu tusiowajua, katika jumba tusilolijua,
mahali penye feni elfu na ubaridi wa kununua,
tukakodi mlango na funguo zake,
ghala na rafu zake,
na tarishi asiyelala.
Jumatatu nikajisajili.
Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, kituoni Umbwe,
Mama Ndeshukurwa akamimina ndoo yake,
karani akabonyeza,
na simu ikatetemeka ndani ya khanga:
Lita nne na robo. Asante.

Akaisoma mara mbili.
"Jana daftari lilisema nne."
Kimya.
"Na juzi?"
Karani akaanza kuifuta mizani
iliyokuwa safi.

Hiyo robo sikuijenga mimi.
Ningekuwa bado nachonga komeo
na robo inavuja, ndoo kwa ndoo,
mlima mzima.

Sisemi haikuniuma.
Kuna usiku nauangalia msimbo wangu,
mistari mia tatu, basi,
kazi nzito yote inafanywa na mikono isiyo na majina.
Mama aliponiuliza, hasa unafanya nini huko mjini,
nilisema: naunganisha.
"Kama fundi bomba?"
Kama fundi bomba, mama.

Mwezi wa pili ikaja ankara, kwa dola.
Kosa langu: kila simu ilipofunguliwa
nililiomba ghala linisomee kila ndoo
tangu ndoo ya kwanza,
na ghala, tiifu kama punda, likasoma,
likahesabu, likadai.
Saa tano usiku kadi ikakataliwa.
Aikande akampigia shemeji yake wa Himo,
akaongea naye Kichaga kirefu, kichungu,
mimi nikirekebisha mstari mmoja.
Mstari mmoja!

Kwao Kibosho maji hupita mfongoni,
mfereji uliochimbwa na watu
ambao makaburi yao yameshakuwa migomba.
Hakuna anayekuuliza mbona hukuchimba wako.
Utaulizwa kama ulikuja siku ya kuzibua.
Halafu utaambiwa zamu yako inaisha lini.

Hilo la zamu ndilo linaninyima usingizi.
Siku wenye jumba wakipandisha bei,
au wakiamka tu wamechoka na biashara ya maghala,
nani atamwambia Mama Ndeshukurwa
robo yake ililala wapi?

Kwa hiyo kila Ijumaa nanakili ndoo zote
kwenye diski ndogo, naivisha soksi,
naiweka chini ya unga.
Aikande hucheka mpaka anashika ukuta.
Acheke.
Dirishani mlima hauonekani, wingu limeukalia
tangu asubuhi, lile la bure,
na chini rimu inagongwa, inagongwa,
bado haijanyooka.